Masharubu ya Bwana Lakini

Kwa hiyo yule fundi bomba hakuwa amegombea kitu chochote, mwanangu. Andika hivyo kwanza, maana watu wameigeuza hii hadithi mpaka siku hizi wanasema eti alikuja na suti. Suti ya wapi! Alikuja na spana mkononi na suruali imelowa mpaka magotini. Picha yake ilitundikwa ukutani kwa makosa, ikabaki kidogo tu jarida letu limtangaze kuwa mtu mwenye ushawishi kuliko wote mwaka ule, na aliyetuokoa na aibu hiyo ni huyu huyu tunayemuaga leo. Nitafika huko. Usinikimbize, birika lenyewe halijachemka.

Haya, kijarida cha wafanyakazi kinataka tuanze na miaka. Miaka ni thelathini na moja. Aliingia hapa akiwa msoma prufu, kijana mwembamba, shati limemzidi mabega kama ameazimwa na kaka yake, na leo Ijumaa anastaafu akiwa mhariri mkuu, na shati bado linamzidi. Jina lake la kwenye hati mnalo wenyewe. Humu ndani sote tunamwita Bwana Lakini, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mke wake, mpaka wale wanaompigia simu kumtukana. Wanaanza hivi: "Wewe Bwana Lakini, leo nimekasirika!" Naye anawajibu, "Pole sana, lakini umesoma mpaka mwisho?"

Na msishangae kwamba habari zake anazisimulia Bibi Birika wa chai, mtu ambaye shule aliiona kwa nje tu, tena ikiwa imefungwa. Nyumba hii imejaa waandishi, ila mganga hajigangi. Kila aliyepewa kazi hii alikaa, akaandika sentensi moja, akamsikia mzee kichwani akisema "lakini", akaifuta. Wiki nzima watu wanafuta. Ndipo huyu binti wa mapokezi akaja jikoni na karatasi zake, akaniambia, "Bibi, wewe sema, mimi niandike. Wewe huna koma za kusahihishwa." Kweli. Koma sina.

Jina lilianza hivi. Wakati ule mhariri mkuu alikuwa Mzee Miwani, Mungu amrehemu, mtu mkali, akiingia chumba cha habari hata feni inapunguza kelele. Siku moja akaleta habari aliyoiandika mwenyewe, ukurasa mzima, akampa yule kijana mgeni aangalie herufi tu. Kijana akasoma. Akanyanyuka, akaenda mpaka mezani kwa mzee, akasema, "Mzee, herufi zote ziko sawa. Lakini habari si ya kweli."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia. Nikaliweka sakafuni, maana nilijua kuna kitu kitaruka, na vikombe vilikuwa vipya. Hakikuruka kitu. Mzee Miwani alimtazama weee, akaisoma tena, akaichana. Halafu akasema, "Wewe Lakini, hamisha kiti chako, kaa karibu na mimi." Jina likaganda. Na mimi siku hiyo nikamletea kijana chai ya pili bila kuombwa, akaniambia, "Asante, dada," na tangu hapo ni dada tu, mpaka leo mvi zimetujaa wote wawili.

Tena si kazini peke yake. Mke wake, wifi yangu huyo, ni mwalimu wa hesabu, na ameniambia kwa kinywa chake kwamba hata siku ya kumposa alimwambia, "Nakupenda sana, lakini nakoroma." Wifi akasema moyoni, afadhali huyu, anaonyesha njia ya hesabu kabla ya jibu. Kadi zao za harusi zilipotoka kiwandani herufi moja ilikuwa imerukwa. Bwana harusi akakaa sakafuni na kalamu nyekundu, akazisahihisha kadi zote, moja moja. Wageni walikuja wakidhani ile nyekundu ni pambo.

Sasa Mtu wa Mwaka. Hiki ndicho kitakachobaki na jina lake, kwa hiyo andika vizuri. Kila mwaka majarida huchagua mtu mmoja aliyewatikisa wenzake kuliko wote, wanamweka kwenye jalada, watu wananunua, wanagombana, mwaka unaisha. Na sisi tulikuwa na wetu. Ila zamani walikuwa wanamchaguaje? Wanajifungia chumba cha mkutano, meza ndefu. Mimi napeleka chai, natoa vikombe, napeleka tena. Mmoja anasema waziri fulani, mwingine anasema tajiri fulani, wa tatu amesinzia na biskuti mdomoni. Mwisho njaa inawauma, wanamchagua mwenye ofisi kubwa kuliko wote, wanakwenda kula. Mwaka hata mwaka ni mtu mwenye tai. Mimi nilidhani ushawishi ni aina ya tai.

Korido yetu mnaijua, ile inayotoka chumba cha habari kwenda chooni. Mpiga picha wetu, huyu tunayemwita Usipepese kwa sababu ndilo neno pekee analomwambia mtu, alikuwa amebandika pale picha mbili. Moja ya Mtu wa Mwaka aliyepita, bwana mmoja wa tai, anatabasamu. Nyingine ya yule mama aliyewaambia kina mama wenzake wasinunue mkate mpaka bei ishuke, na mkate ukakaa madukani mpaka ukawa tofali, na bei ikashuka. Yeye jalada hakupata. Alipewa kona ya ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro. Basi asubuhi moja Mzee Miwani anatoka chooni, anakuta yule mama kachorwa. Masharubu, tena yamesokotwa! Pembe. Juu ya pembe mtu mwingine kamwekea taji. Shavuni kuna moyo. Na yule bwana wa tai pale pembeni yuko safi, ana vumbi tu.

Mzee akawaka. Anautaka mkono uliochora. Watu wazima wanatazama viatu vyao. Kijana wetu akasema, "Tuutafute, mzee, lakini na mimi nina swali. Huyu mwingine mbona hakuna aliyemgusa?"

Ndio hivyo, mwanangu, ukuta ulizaliwa pale. Alipokuja kukalia kiti cha uhariri mkuu akaufanya sheria. Jina linaweza kuletwa na yeyote. Picha inabandikwa kwenye korido wiki moja, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari, na hakuna kutia saini. Wageni huuliza kwa nini iwe njia ya chooni. Naye huwajibu, "Choo hakina cheo. Kila mtu atapita, na akirudi ana wepesi wa kusema kweli." Picha ikimaliza wiki ikiwa safi, mwenyewe hakutufikia, hata kama jina lake limeandikwa kwenye barabara. Ikichorwa masharubu, huyo ametuingia. Si lazima awe mtu mwema. Wengine walikuwa wabaya hasa, wakawekwa kwenye jalada na ubaya wao ukaelezwa ndani. Bwana Lakini alikuwa akisema ushawishi si zawadi ya tabia nzuri. Ni kama mvua, wewe uliza imelowesha nani.

Kuna na sheria ya pili, hii imewatesa sana. Anayemchukia mtu kuliko wote ndiye anayepewa kuandika sifa zake, na anayempenda anaandika makosa. Nimeona watu wenye watoto wanalia juu ya karatasi. Mwandishi wetu wa michezo aliwahi kuandika sifa za kocha aliyeishusha daraja timu yake. Anaandika neno, anatoka nje kupumua, anarudi, anaandika jingine. Wanasema ndiyo habari nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Mimi nasomewa tu.

Ngoja nitoe birika.

Haya, fundi bomba. Mwaka ule maji yalikatika jengo zima. Fundi akaja, akafunga bomba kuu, akasema anakwenda kutafuta kifaa, akapotea siku mbili. Siku mbili, jengo la ghorofa tatu, na choo ndicho hicho! Sasa Usipepese alikuwa amempiga picha ya kitambulisho, hisani tu, akaisafisha kubwa bila kukusudia, akaibandika ikauke. Akaibandika wapi? Ukutani, katikati ya wagombea. Na yeye mwenyewe akaenda likizo.

Watu wa chini, madereva, wapiga chapa, wafagiaji, walipoiona ile sura wakiwa njiani kwenda kwenye choo kisicho na maji, uzi wa kalamu ulikatika kwa kugombaniwa. Pembe hazina idadi. Masharubu juu ya masharubu. Mmoja alimchorea mkia, na ile ni picha ya mabega, sijui mkia aliupitishia wapi. Wahariri, wao, siku hizo walikuwa wanavuka barabara kwenda choo cha hoteli, kwa hiyo fundi hawakumuona. Siku ya kuchagua wanaikuta picha imechakaa namna hiyo, na hakuna anayethubutu kuuliza huyu ni nani. Mwandishi wa jarida kubwa atauliza vipi huyu ni nani?

Mwandishi wa siasa akakohoa. Alishasikia minong'ono ya watu wa chini, akasema, "Huyu haonekanionekani, ila yeye ndiye mwenye kufunga na kufungua." Mwandishi wa biashara akadakia, "Akitoweka siku mbili tu, kila kitu kinasimama." Vichwa vinatikiswa meza nzima. Mimi niko pale na sinia langu, nikadhani wanajua. Nikasema, jamani, hatimaye na mafundi wamekumbukwa.

Bwana Lakini alikuwa anazungusha kalamu yake nyekundu. Walipotaka kunyoosha mikono akasema, "Nimekubali. Lakini nani kati yenu amewahi kuongea naye?" Vichwa vikaacha kutikisika. Na Mungu naye ana utani wake, mlango ukafunguliwa, akaingia mwenyewe na spana. "Samahani wakubwa, ufunguo wa paa anao nani?"

Mwandishi wa siasa alijaribu kujificha nyuma ya kikombe. Sasa mtu mwingine angewacheka wenzake mpaka kesho. Huyu alimpa fundi ufunguo, akafunga mlango, akasema, "Ukuta haukukosea. Wiki hii hakuna aliyetutikisa kuliko huyo. Lakini mwaka una wiki nyingine." Wakaanza upya. Na ile picha, na pembe zake na mkia wake, ameitundika ofisini kwake mpaka leo. Wageni wakiuliza anasema ni mhariri mwenzake.

Nije sasa kwenye jambo ambalo wengine wangependa niliruke. Mwenye jarida hili, tunayemwita Tajiri, mwaka huu alikuwa na mtu wake. Rafiki yake wa chanda na pete, muuza maji ya chupa. Mtu mpole, sina ubaya naye, maji yake ni maji. Tajiri akasema jalada la Mtu wa Mwaka ni la rafiki yangu. Bwana Lakini akasema, "Karibu sana, lakini apite ukutani kama wenzake."

Akabandikwa Jumatatu. Jumanne safi. Jumatano safi, hata nzi hakutua. Alhamisi asubuhi naingia na fagio, nakuta picha imejaa maneno. Nikamwita mlinzi anisomee. "Kiongozi wa kuigwa." "Tunajivunia wewe." "Nyota isiyozimika." Maneno ya ukutani nasomewa, mwanangu, lakini masharubu najisomea mwenyewe, na pale hapakuwa na sharubu hata moja. Bwana Lakini akaja, akavaa miwani, akasoma yote taratibu, akaniuliza, "Dada, huu ukuta wetu umeanza lini kuwa na adabu?"

Akapanda juu kwa Tajiri. Na mimi nikapanda nyuma yake na chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

Tajiri anafoka. "Kama shida yako ni masharubu, nitaleta mtu achore masharubu!"

"Unaweza, lakini masharubu ya kuagizwa hayaoti."

"Wewe mwezi ujao unastaafu! Jalada moja tu, unashindwa kunipa jalada moja?"

"Ya miezi mingine yote tuzungumze. Hili si langu nikupe."

Tajiri akapiga meza, sukari ikaruka. "Basi usitegemee sherehe. Hakuna ukumbi, hakuna hotuba, hakuna zawadi. Utatokea mlango ule ule ulioingilia!"

Bwana Lakini akajibu, "Sawa, lakini jengo lina mlango mmoja tu."

Ile chai niliinywa mwenyewe kwenye ngazi, nusu hofu, nusu kicheko.

Aliyeshinda mnamjua, ni Refa. Yule aliyetoa penalti ya mwisho kwenye fainali, nchi ikagawanyika, mume huku, mke kule. Halafu siku chache baadaye akaenda redioni kwa miguu yake, akasema, "Nimeitazama tena. Nilikosea." Basi. Hakusema jua lilikuwa kali, hakumtaja msaidizi wake. Nilikosea. Picha yake ukutani ilibidi ibadilishwe kwa kuchanika, huyu anaibusu, huyu anaitoboa macho. Na tangu siku ile kila nyumba ni "sema kama refa!" Mwanangu wa kwanza, mtu mzima ana watoto, kavunja bakuli langu juzi, akasimama katikati ya jiko akasema, "Mama, nilikosea." Sikuwahi kulisikia neno hilo kwake tangu azaliwe. Nilikaa chini. Sasa hiyo ndiyo mvua inayolowesha. Sifa za Refa aliandika mwandishi wa michezo, shabiki wa timu iliyoonewa, huku anasaga meno.

Toleo lile liliisha madukani. Ila Tajiri tangu siku hiyo hajakanyaga korido yetu. Akibanwa, anavumilia mpaka nyumbani kwake.

Kwa hiyo leo ukumbi hakuna. Tunamuagia chumba cha habari, viti vya kuazima, chai yangu na biskuti. Yeye anasema hilo halimuumi, na mimi namwamini. Linalomuuma ni jingine, na hili msilikate.

Jumatatu Usipepese alibandika picha yake ukutani. Picha nzuri, shati linamzidi. Kalamu mpya, uzi mpya. Nikasema, ikifika Jumanne uso wake hautaonekana. Jumanne, safi. Jumatano wakaanza kuandika, nikamwita huyu binti anisomee. "Pengo lake halitazibika." Chini yake, mwandiko mwingine, "Pengo halitazibika." Chini yake tena, "Pengo kubwa." Halafu, "Mungu ambariki baba yetu." Masharubu? Hakuna. Hata nukta ya shavuni hakuna.

Naye anapita pale kama sisi wote, chai yangu lazima itafute njia. Jana nilikuwa nimeinama pale na kizoleo, nikamuona anapunguza mwendo. Akasimama, akasoma. Akanyoosha pini moja iliyokuwa imepinda, akaenda zake. Miaka yote hiyo mtu anawaambia wenzake kwamba anayetoka ukutani safi hakumfikia mtu, halafu siku ya kuondoka ukuta ule ule unampa adabu! Nilitamani niwachape wote kwa fagio.

Niliwauliza hawa vijana, mna nini? Wakaniambia, "Bibi, nani anaweza kumchorea baba yake masharubu?" Wanamheshimu, ndiyo tabu yao. Nikawaambia hiyo heshima yenu akaifanyie nini nyumbani, aipigie pasi? Nikaishika kalamu mimi mwenyewe. Nikairudisha. Masharubu ya huruma yana tofauti gani na yale ya kuagizwa? Masharubu lazima yamtoke mtu bila kupenda, kama chafya.

Kwa hiyo andika hivi, ili ukuta ukinyamaza angalau karatasi iseme. Bwana Lakini, hatukushukuru kwa upole wako, maana hukuwa mpole. Uliturudishia kazi zetu mpaka tukakuota ndotoni. Ulimrudishia mwandishi wa siasa makala moja mara nyingi mpaka akaleta mto wake hapa ofisini. Leo yeye ndiye anayerithi kiti chako, na asubuhi hii nimemsikia akimwambia msoma prufu mgeni, "Nzuri sana, lakini..." Akajishika mdomo, akageuka kutazama kama umemsikia. Hukumsikia, ulikuwa unasahihisha tangazo la lifti. Nami juzi muuza maziwa kaniambia, "Mama, haya ya leo leo." Nikamjibu, sawa, lakini tuonje kwanza. Yalikuwa ya jana! Ningekuwa sijakufahamu, ningeyapika. Mvua uliyonyesha wewe, kaka, imefika mpaka kwenye sufuria yangu.

Ulinilinda pia, na hili hujawahi kulisema, nalisema mimi. Walipotaka kuleta mashine ya chai ya kubonyeza, ulisema, "Inafaa, lakini itatusikiliza?" Mashine ikarudi ilikotoka.

Nenda kapumzike. Wifi kasema nyumbani kwake hakuna kubandika picha njia ya chooni, na hataki kulisikia hilo neno lako kabla ya kikombe cha asubuhi. Lala mchana. Soma kitabu bila kalamu nyekundu mkononi, kama wanavyosoma binadamu wengine. Mungu akupe afya, magoti yasiyolia, na majirani wanaokosea kidogo kidogo usije ukaishiwa kazi. Uishi vizuri, kaka yangu, wewe na wifi yangu, na hapa hatuweki lakini...

Nani huyo anaita? Dereva, usinipigie kelele, tuko kwenye uandishi! Nini? Tajiri? Tajiri yupi, huyu wetu? Kateremka? Kashindwa kuvumilia, au?

Sema polepole. Kasimama mbele ya picha. Haya. Kasoma mapengo yote. Haya. Kasemaje? "Mtu mkaidi kuliko punda, halafu mnamwandikia Mungu ambariki?" Ndivyo kasema? Na kaishika kalamu? Binti, unasikia, kaishika kalamu! Anachora nini?

Pembe! Na masharubu? Yamesokotwa? Mpaka masikioni!

Na mwenyewe yuko wapi? Alikuwa chooni? Katoka, kamkuta na kalamu mkononi? Jamani. Jamani! Na kamwambiaje? "Asante, lakini la kushoto limepinda."

Tajiri naye? Kasema, "Nilikosea"? Na analinyoosha? Haki ya Mungu nitakufa leo. Na hizo kelele za nini? Foleni? Foleni mpaka ngazini, na Usipepese kaacha kamera yupo katikati yao!

Nakuja! Waambie wasilijaze paji la uso, paji ni langu, nimeliweka tangu siku ile ya sinia! Kalamu ya ukutani sitaifikia leo. Binti, nipe hiyo yako.